Je, mfamasia anaruhusiwa kukuandikia dawa?

Swali: Assalaam alaykum. Mamangu ana miaka 63, tunaishi naye Kisauni, Mombasa, na anatumia amlodipini ya miligramu 10 kwa presha. Karatasi yake ya hospitali imepotea. Nilikwenda famasia moja mjini, mfamasia akaniuliza maswali chungu nzima kisha akaninyima dawa kwa sababu sina karatasi. Nikamwomba angalau dawa ya kutoa maji, maana mama anavimba miguu, hiyo nayo akaninyima. Nikaenda duka la dawa karibu na stendi. Huko niliuziwa zote mbili, na amoksilini juu yake ya kikohozi cha mwanangu, bila swali hata moja. Kakangu yuko Uingereza, anasema huko mfamasia anaandika dawa mwenyewe. Nani alikosea hapa? Kwa nini kwetu isiwe hivyo? Na kakangu akiandikisha dawa za mama kwa mfamasia wa huko akanitumia picha kwa simu, itakubalika?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu, na mama umpe salamu zangu.

Nianze na nani alikosea. Aliyekunyima alifuata sheria. Aliyekuuzia aliivunja mara tatu kwa mauzo mamoja, na mojawapo ya hizo tatu ingeweza kumdhuru mamako. Kwa sheria ya Kenya, mfamasia anaweza kuikagua dawa uliyoandikiwa, kukupa, kukueleza namna ya kuitumia, kumpigia simu daktari akiona kasoro, na hata kukataa kuitoa. Kukuandikia dawa ambayo sheria inaitakia karatasi, hana idhini hiyo, hata awe na shahada ngapi.

Sheria inayohusika ni Sura ya 244, Sheria ya Famasia na Sumu, ya tangu mwaka 1957. Imetiwa viraka mara nyingi, lakini msingi wake haujaguswa: mmoja anaandika, mwingine anatoa. Wanaoandika wametajwa humo, nao ni daktari aliyesajiliwa, daktari wa meno na daktari wa mifugo. Maafisa wa kliniki, ambao ndio wengi wetu tunaonana nao zahanati, wana sheria yao wenyewe ya mwaka 2017. Sura ya 244 inaingia hadi ndani ya karatasi yenyewe: iwe na sahihi na tarehe, anwani ya aliyeandika, jina na anwani ya mgonjwa, kipimo cha dawa na jumla ya dawa itakayotolewa. Ya daktari wa meno iseme ni ya matibabu ya meno tu, na ya mifugo iseme ni ya mnyama tu. Kwa hiyo ukimpelekea mfamasia kijikaratasi chenye neno "amlodipini" na mkwaruzo wa kalamu chini yake, akakurudishia, usidhani ni kiburi.

Humo mna jambo ambalo watu wengi wenye presha na sukari hawalijui, na lingeweza kukupunguzia usumbufu. Karatasi hutolewa dawa mara moja tu, isipokuwa aliyeiandika ametaja kwamba irudiwe, na mara ngapi. Safari ijayo mama akienda kliniki, mwombe daktari aandike wazi kwamba dawa irudiwe kila mwezi, tuseme kwa miezi mitatu. Ni mstari mmoja tu. Sijaona daktari aliyekataa kwa mgonjwa ambaye presha yake imetulia. Huwa wanasahau, foleni ikiwa imefika mlangoni.

Si kila dawa ina masharti hayo. Panadol utaipata hata duka la mtaani, imekaa kando ya unga na sabuni. Kuna nyingine hazitaki karatasi lakini lazima ziuzwe famasia, chini ya mtaalamu. Katika kundi hilo mfamasia wa Kenya tayari anafanya kazi inayokaribia sana kuandika dawa: unamjia na fangasi za miguu, kiungulia au mzio wa macho, anakuhoji, anaamua, anakupa dawa au anakuelekeza hospitali. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo hupatikana kwa njia hiyo. Zinafuata dawa za karatasi, na zako zote tatu zimo: amlodipini, frusemidi (ile ya kutoa maji) na amoksilini. Juu kabisa ziko zile zinazoweza kumfanya mtu mtumwa, kama diazepamu na mofini, ambazo zinabanwa pia na sheria ya mihadarati ya mwaka 1994. Kwa nini zinabanwa, mzazi wa Mombasa hana haja ya kuelezwa. Bugizi, vile vidonge vya kulevya vya mitaani, tunaijua.

Huyo wa karibu na stendi huenda wala si mfamasia. Nyuma ya kaunta zetu utakuta watu wa aina tatu. Mfamasia amesoma shahada kwa miaka mitano na kufuatiwa na mwaka wa mafunzo kazini. Mtaalamu wa teknolojia ya dawa, yule tunayemwita famteki, amesoma diploma ya miaka mitatu. Hawa wawili wanatambuliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, hupewa leseni ya kila mwaka, na duka lolote la dawa lazima liwe chini ya mmoja wao. Wa tatu ni kijana wa kuuza, pengine mpwa wa mwenye duka, mwenye koti jeupe na bei zote kichwani. Sina ugomvi naye ikiwa msimamizi yupo hapo nyuma yake. Balaa ni pale leseni inapotundikwa ukutani Kisauni na mwenye leseni yuko Nairobi. Ukiingia duka usilolijua, tafuta leseni yenye picha na ulinganishe na sura unayoiona. Tafuta pia msimbo wa usalama wa bodi; ukiutuma kwa ujumbe mfupi kwenye namba iliyoandikwa hapo, unajibiwa kama duka limesajiliwa. Watu huona haya kufanya hivi mbele ya muuzaji. Simama nje, utume ukiwa barabarani.

Sasa miguu ya mama, maana nilipofika hapo katika barua yako nilishtuka. Amlodipini yenyewe huvimbisha vifundo vya miguu, na kadiri dozi inavyopanda ndivyo uvimbe unavyokuwa wa kawaida zaidi. Miligramu 10 ndiyo dozi ya juu. Inapanua mishipa midogo inayoleta damu, lakini haipanui vivyo hivyo ile inayoirudisha, kwa hiyo maji huvujia kwenye nyama za kifundo, hasa jioni baada ya kutwa ya kusimama jikoni. Ukitazama mwili kwa jumla, maji hayajazidi, yamehama mahali tu. Ndiyo sababu frusemidi haimsaidii sana mtu wa namna hii. Itamkojosha, itamtoa chumvi na potasiamu, inaweza kumtia kizunguzungu akaanguka usiku akienda msalani, na asubuhi miguu ni ile ile. Kinachosaidia mara nyingi ni daktari kupunguza amlodipini, kuibadilisha, au kuiongezea dawa ya kundi la losatani. Hapo uvimbe hupungua na presha ikabaki pazuri.

Lakini miguu kuvimba kunaweza pia kuwa moyo, figo au ini, na kutazama tu kwenye kaunta hakutoshi. Yale maswali chungu nzima uliyoulizwa mjini yalikuwa ya kutenganisha hayo. Imevimba yote miwili au mmoja? Ilianza kabla ya dozi kupandishwa au baada yake? Akilala chali anapumua vizuri, au anahitaji mito miwili mitatu? Anakunywa dawa za magoti? Hili la mwisho hukuniandikia, nami nakuomba uangalie mkobani mwake. Dawa hizo, kama diklofenaki na ibuprofeni, hupandisha presha, huzuia maji yasitoke, na zikikutana na dawa za kukojoa pamoja na baadhi ya dawa za presha huziumiza figo. Wamama wengi wa umri wake wanazo, na hawazihesabu kuwa dawa kwa sababu walipewa na jirani.

Kwa hiyo, frusemidi usiendelee kumpa mpaka aonwe. Amlodipini asiiache ghafla kwa uamuzi wake. Akikosa pumzi, akiumwa kifua, au mguu mmoja ukivimba na kuuma peke yake, hapo usisubiri kliniki, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na amoksilini ya mtoto: vikohozi vingi vya watoto vinatokana na virusi, na antibayotiki haziwezi virusi. Kinachonitia wasiwasi kwa mtoto ni kupumua kwa haraka, mbavu kuingia ndani akivuta pumzi, au kukataa kunywa. Akiwa na lolote kati ya hayo, ni daktari. Akiwa hana, hiyo amoksilini haikuwa na kazi nyumbani kwako.

Nije kwa kakako. Anasema kweli, ila ameisimulia nusu. Uingereza ilianza mwaka 2003 kwa kumruhusu mfamasia aandike dawa ndani ya mpango uliokubaliwa na daktari na mgonjwa. Mwaka 2006 ikaruhusu mfamasia aandike kwa uamuzi wake mwenyewe. Haikuwa kwa kila mfamasia, hata hivyo. Anayetaka huchukua kozi maalumu, hufanya mazoezi chini ya mwandishi wa dawa mzoefu, kisha jina lake hutiwa alama katika daftari la mdhibiti wao, baraza liitwalo GPhC, kwamba huyu anaandika. Baada ya hapo huandika ndani ya eneo analolimudu tu: aliyebobea kwenye presha haingii kwenye kifafa. Akitoka nje ya hapo, ni yeye anayejibu mbele ya baraza. Sasa mafunzo hayo wameyaingiza ndani ya masomo ya msingi, ili wanaosajiliwa wapya kuanzia mwaka 2026 watoke nayo.

Pengine alichokiona kakako ni kitu kingine kabisa, ule mpango wa Pharmacy First ulioanza England tarehe 31 Januari 2024. Humo famasia inatibu magonjwa saba, kama vile koo, maumivu ya sikio, mkanda wa jeshi, na maambukizi ya njia ya mkojo kwa wanawake wa umri uliotajwa. Dawa nyingi za mpango huo mfamasia haziandiki. Anazitoa kwa kufuata agizo lililokwisha kutiwa sahihi na wakubwa wa afya, linalosema mgonjwa wa aina gani apewe dawa gani kwa siku ngapi, na yupi arudishwe kwa daktari. Kwa mgonjwa hakuna tofauti, ametoka na dawa yake. Kwa sheria, tofauti ni kubwa, na ni mtindo ambao nchi kama yetu ingeweza kuuiga mapema zaidi kuliko kumpa kila mtu kalamu.

Waingereza wana pia kifungu cha dharura ambacho ndicho hasa kingekufaa wewe. Mfamasia wa kule akiridhika kwamba mgonjwa alikwisha kuandikiwa dawa hiyo na anaihitaji sasa hivi, anaweza kumpa bila karatasi, kwa dawa nyingi zisizidi za siku 30, na za kulevya kali hazimo. Anaandika kila kitu katika daftari, pamoja na sababu.

Kwingine wamekwenda kwa njia zao. Alberta, huko Kanada, tangu mwaka 2007 mfamasia anaweza kurekebisha au kuendeleza dawa iliyoandikwa na daktari, na mwenye idhini ya ziada kutoka baraza lao la udhibiti anaweza kuanzisha dawa mpya. New Zealand iliweka daraja la wafamasia wanaoandika dawa mwaka 2013. Karibu nasi zaidi, Afrika Kusini inatoa vibali kwa wafamasia waliosomea tiba ya msingi, na ilipotaka wafamasia waliofunzwa waweze kuanzisha dawa za kuzuia na kutibu Ukimwi, kikundi cha madaktari kilikwenda kortini kuipinga hatua hiyo. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Pretoria ikawakatalia madaktari. Kesi hiyo wafamasia wa Kenya tunaizungumza sana tukikutana, labda kupita kiasi. Hapa kwetu pia majaribio yapo: Kisumu na Thika watafiti walifanya majaribio ambapo famasia zilitoa vidonge vya kuzuia Ukimwi kwa kufuata utaratibu ulioandikwa, huku daktari akiwa tayari kwa simu. Hiyo ni ruhusa ya utafiti, haijawa sheria ya kila duka.

Uliuliza kwa nini kwetu isiwe hivyo. Wenzangu wengi watakujibu kwamba madaktari wanalinda mkate wao, na hawakosei sana. Mimi naona kikwazo kikubwa kiko kwetu wenyewe. Kote nilikokutajia, ruhusa ilikuja imefungwa pamoja na vitu vingine: daftari la majina ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua, mipaka ya magonjwa, rekodi ya kila dawa iliyotolewa, na njia ya daktari kujua mgonjwa wake kapewa nini. Pia wanajaribu kumtenga anayeandika na anayeuza, kwa sababu anayepata faida kwenye chupa ana kishawishi cha kuiandika. Mwongozo wa Uingereza unasema wazi kwamba kwa kawaida mtu mmoja asiandike na kutoa dawa hiyo hiyo. Sasa lifikirie duka la karibu na stendi. Limeuza dawa tatu za karatasi bila kuandika jina la mama mahali popote. Ukilipa duka hilo idhini ya kuandika kesho asubuhi, kitakachobadilika ni kwamba ule uvunjaji wa sheria utakuwa halali.

Ndiyo maana nikiulizwa na bodi, ningeanza na kidogo: mfamasia, tena mfamasia aliyepo dukani kwa mwili wake, aruhusiwe kuendeleza dawa ya presha au sukari kwa mwezi mmoja mgonjwa anapokwama, apime presha kabla ya kutoa, aandike, na aitumie kliniki taarifa. Kazi hiyo tunaiweza leo. Famasia nyingi za mjini zina mashine na chumba cha faragha. Anayekosa vidonge vya presha kwa sababu ya karatasi iliyolowa mvua anaweza kupata kiharusi, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ya kumwongezea siku 30 za dawa aliyoizoea. Ukitaka kunipinga hapo, wapo wanaonipinga, na hoja yao ni kwamba mwezi mmoja utageuka kuwa mwaka. Wana haki ya kuogopa.

Mpaka sheria ibadilike, fanya hivi. Karatasi imepotea lakini faili haikupotea. Rudi pale alipotibiwa na namba yake ya hospitali, au na kitambulisho chake kama namba hamna, uombe waandike upya. Si lazima awe daktari yule yule. Kama ni mbali, zahanati ya umma iliyo karibu nawe inaweza kumwona, kumpima na kumwandikia, na huduma za ngazi hiyo hazilipiwi kwa aliyejisajili SHA, mfumo wa bima ya afya ya taifa ulioanza Oktoba 2024. Nenda na pakiti tupu za dawa zote, hata zile za magoti. Wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu walipewa mashine za presha. Muulize wa eneo lako ampitie mama nyumbani mara kwa mara na aandike namba kwenye daftari moja, maana namba za wiki mbili tatu zinamsaidia daktari kuliko ile moja ya kliniki baada ya kupanda matatu kwa jua la saa sita.

Kisha chagua famasia moja na ukae nayo. Mpe mfamasia jina la mama, dozi zake na namba ya kliniki. Siku karatasi ikipotea tena hataweza kukupa dawa kinyume cha sheria, lakini ataweza kumpigia daktari akijua anazungumzia nani, na karatasi mpya ikapatikana siku hiyo hiyo.

Kuhusu picha ya simu kutoka Uingereza: hapana. Mfamasia wa huko hajasajiliwa Kenya, na idhini yake ya kuandika inaishia kwenye mipaka ya sheria iliyompa. Zaidi ya hayo hajamwona mama, hajampima, na mdhibiti wake mwenyewe angemuuliza kwa nini amemwandikia mtu ambaye hajamjua wala hana rekodi zake. Hata dawa zenyewe asizitume kwa posta bila kuuliza kwanza masharti ya kuingiza dawa nchini, zisije zikakwama forodhani wiki tatu katika joto. Kama kakako anataka kusaidia, na atumie pesa za mashine ya presha ya nyumbani. Iwe ya kufungwa kwenye mkono juu ya kiwiko, na ukanda wake umtoshe mama vizuri. Zile za kifundo cha mkono ni nafuu na zinavutia, lakini hukosea ovyo mkono usipokaa usawa wa moyo.